Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Waheshimiwa wanachama wa chama chetu cha kuvua trauti kwa nzi bandia,

Shughuli za kawaida mnazijua: tumeokota taka kando ya Mto Gura mara mbili, vijana wamefundishwa kurusha uzi, na jioni za kufunga nzi bandia (chambo cha kuiga wadudu, kinachofungwa kwenye ndoano) zimeendelea nyumbani kwangu, chai ikitoka mfukoni mwangu. Sitawachosha.

Nije kwenye lile linalosemwa sana nikiwa sipo. Ndiyo, ni mimi niliyependekeza shindano letu la kuvua samaki aina ya trauti lihame kutoka Februari hadi Novemba, na kamati ikapitisha kwa kura nne dhidi ya tatu. Nne ni nyingi kuliko tatu. Wapinzani wanadai Februari ni desturi. Desturi ipi? Trauti mwenyewe ni mgeni hapa. Mayai yake aliyaleta mlowezi Mwingereza Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, wala hayakuja na kalenda.

Februari maji huwa haba na maangavu, samaki akaiona kofia yako kabla hujafungua kikasha. Nakiri panzi huwa wengi nyasini wakati huo, na panzi bandia akidondoshwa kwa kishindo karibu na ukingo huliwa. Lakini mvua za vuli zikianza, kumbikumbi hutoka ardhini makundi kwa makundi. Kuruka kwao ni kwa shida. Wanaangukia mtoni, mabawa yamelala juu ya maji, na trauti aliyekuwa akichagua miezi yote anafungua kinywa tu. Aliyelelewa Nyeri hahitaji kuelezwa utamu wa ngumbi, yaani kumbikumbi! Tulifunga kumbikumbi bandia hamsini: mwili wa sponji ya malapa makuukuu, mabawa ya manyoya ya shingo ya jogoo (mifuko ya plastiki ingefaa zaidi, ila ilipigwa marufuku 2017), ndoano namba 12.

Usiku wa kuamkia shindano mvua ikanyesha milimani hadi alfajiri. Tukaukuta mto una rangi ya chai ya maziwa. Mwanachama mmoja akatangaza kwamba nimewaleta kuvua tope. Ofisi yangu haikuagiza mvua ile. Hata hivyo samaki watatu walipatikana, wawili kwa kumbikumbi niliowafunga mimi na mmoja kwa sisimizi bandia mweusi, wote kwenye kijito cha pembeni chenye maji safi, na aliyewaelekeza watu huko mnamjua. Wale walioacha uzi umburute nzi kama boti ya injini wasiilaumu Novemba. Kumbikumbi aliyeanguka majini haogelei. Huchukuliwa na mkondo, basi.

Mahudhurio. Tuko wanachama 38. Kwenye shindano walifika 11, na wanne wakaondoka mara tu chapati zilipokwisha. Mkutano wa Juni haukufikia akidi. Nilikaa na katibu, na mbwa wake, hadi saa kumi. Wengi wa wanaolalamika kuhusu Novemba hawakufika Februari ya mwaka juzi pia. Daftari ninalo.

Ada ni Sh 2,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 15. Waliobaki 23 wanadaiwa Sh 46,000, na ukijumlisha malimbikizo ya nyuma Sh 18,000 inakuwa Sh 64,000. Tulianza na salio la Sh 47,300, ada zikaingiza Sh 30,000, matumizi ya usafiri, vifaa, chakula na mengineyo yakafika Sh 71,500, hivyo tumebaki na Sh 5,800. Nauli ya lori iliyopungua, Sh 6,200, niliitoa mwenyewe nje ya hesabu hizo. Siidai, lakini naomba iingizwe kwenye kumbukumbu.

Mwaka ujao tunatumaini, Mungu akipenda, kuongeza vijana, kuzungumza na wahusika kuhusu kupanda miti ukingoni, na labda kupata banda letu. Tarehe ya shindano itajadiliwa na wanachama waliolipa. Mweka hazina yuko mezani pale mlangoni na kitabu cha risiti hadi saa nane.

Mwenyekiti