Mpunga umetoa masuke na bado haujafika goti? Usilaumu mbolea kwanza

Wakulima wetu wa mpunga wa Ahero na West Kano huku Kisumu hii mnaijua, shamba ni moja, mlipandikiza siku moja, lakini huku masuke yametoka na kule bado ni majani tu, na ndege washajua. Juzi mama mmoja aliingia hapa dukani na mmea mzima, mizizi na matope yake, akauweka juu ya kaunta: "Kijana wangu, hii mbolea mliniuzia ni ya aina gani?" Mmea wenyewe haukuwa umefika hata goti.

Kumbe mbegu aliletewa na mtoto wake kutoka Japani (bila karatasi za KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu, tafadhali hiyo msijaribu) akaichanganya na ile yake ya kila msimu.

Sasa iko hivi, mpunga hupima urefu wa mchana kwa majani. Kwa jani kuna jeni inaitwa Hd3a, inatengeneza protini inayosafiri hadi kwa ncha ya shina kuiambia wachana na majani, anza suke. Wajapani ndio walionyesha hiyo safari, 2007. Jeni ingine, Hd1, ni kigeugeu: mchana mfupi inasukuma Hd3a, mchana mrefu inaizuia. Ya tatu, Ghd7, nayo ni breki: siku zikiwa ndefu inachelewesha suke.

Kaskazini mwa Japani mchana wa kiangazi unapita urefu wa saa 15, na baridi iko njiani, kwa hivyo mpunga wa huko ulichaguliwa ule wenye breki zimelegea. Ulete hapa Kisumu karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, joto nalo liko, si utachanua ukiwa mtoto! Machipukizi machache, suke fupi, gunia halijai.

Lakini si kila shida ni mbegu. Angalia vizuri: kama iliyochelewa imejikusanya kona moja, hapo shuku maji ama urea uliyomwaga nyingi. Ikiwa imetawanyika, mmoja hapa mwingine pale katikati ya wenzake, hiyo mbegu ilichanganyika, pengine hata kwa gunia la jirani ulilokopa.

Ukija kununua usiulize bei peke yake, uliza aina na siku zake za kukomaa, na uchukue mfuko uliofungwa wenye lebo. Na kama una shida shambani, leta mmea mzima vile mama alifanya, ila matope kung'utia hapo nje, hiyo kaunta tumeiosha mara mbili.