Salamu za Shukrani kwa Wachangiaji wa Chupa 31

Familia yetu inatoa shukrani za dhati kwa wote walioshirikiana nasi kwa hali na mali kufanikisha mbio za marathoni alizokimbia kaka yetu mkubwa, kwa nia ya kuchangisha fedha za mfuko unaowasaidia wagonjwa wanaohitaji kuongezewa damu. Alizimaliza kilomita zote 42 na mita 195 kwa saa 5 na dakika 52, ikiwa ni miaka 3 na miezi 2 tangu agundulike kuwa na saratani ya damu.

Katika salamu za namna hii ni desturi kuandika kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Sisi tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo hasa: watu tunaotaka kuwashukuru kwanza hatuwajui, wala hatutawajua. Dawa zilizoua seli za saratani ziliuzuia pia uboho wake kutengeneza damu, na kwa miezi kadhaa aliishi kwa damu iliyotoka katika miili ya watu wengine. Shemeji yetu alikuwa na daftari dogo la shule, na kila chupa ilipotundikwa alichora mstari mmoja. Mistari ikafika 31. Mingi ilikuwa ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo huja katika mfuko mdogo wenye rangi ya manjano na ambazo, kama tulivyofundishwa wodini, hudumu siku 5 hadi 7 tu, tena zikiwa katika joto la kawaida la chumba huku zikitikiswa taratibu muda wote. Kwa hiyo usiku ule fizi zake zilipovuja damu mpaka tukabadilisha foronya mara tatu, aliyemwokoa ni mtu aliyekuwa amenyoosha mkono wake siku chache tu kabla, akafungwa bandeji, akaenda zake kazini au nyumbani, na hadi leo hana habari. Wewe uliyefanya hivyo, popote ulipo, ahsante sana.

Siku ya mbio mistari hiyo 31 ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu mgongoni mwa fulana yake. Mkimbiaji mmoja aliyekuwa nyuma yake alidhani ni hesabu ya marathoni alizokwisha kukimbia, akampongeza kwa uzoefu. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kwa namna ya pekee daktari aliyekataa katakata kumruhusu aanze mazoezi kabla ya kupimwa moyo, kwa kuwa baadhi ya dawa alizotumia huweza kuudhoofisha. Kaka alinung'unika wiki nzima. Sisi wengine tulishukuru kimyakimya. Shukrani ziwafikie pia wenzake wa mazoezi, ambao kwa miezi 14 walikubali kukimbia kwa mwendo wake ilhali miguu yao ilitaka zaidi.

Waliochanga fedha walikuwa 212, na kila senti iliingia moja kwa moja katika akaunti ya mfuko bila kupitia mikononi mwetu. Wapo waliotuandikia kwa unyonge kwamba hawana fedha, wakauliza kama wanaweza kuchangia damu badala yake. Tunakiri kwamba hatukuwa tumelifikiria jambo hilo, na ni aibu kidogo kwa familia yenye daftari kama lile. Walijitokeza watu 73. Kati yao 64 walichangia, na 9 wakarudishwa kwa sababu ya uzito mdogo au upungufu wa damu yao wenyewe. Hao 9 nao tumewahesabu. Na yeyote ambaye ujumbe wake haukujibiwa katika pilikapilika za siku zile, tunamwomba radhi.

Tumebakiwa na deni moja. Kwenye kilomita ya 33, pale ambapo akiba ya sukari mwilini huwa imekwisha na miguu haisikii tena amri, kaka alisimama, akainama, akashika magoti. Mtu mmoja wa makamo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, amevaa kandambili, aliingia barabarani, akavua kofia yake na kumvisha kichwani kwa kuwa jua lilikuwa kali, kisha akatembea naye karibu kilomita 2 akimsimulia habari za watoto wake, hadi kaka alipoanza tena kukimbia. Alipogeuka kumpungia mkono, hakumwona. Kofia ni ya kijivu, nayo imefumuka ukingoni upande wa kushoto. Tumeifua, ukingo tumeushona, na tunaomba mwenyewe ajitokeze tumrudishie.