Hesabu za diskriti zifundishwe kompyuta ikiwa mezani

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nami nitoe la moyoni.

Nasoma IT mwaka wa pili hapa Dar, na mwaka huu nawaona wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanavyolia na hesabu za diskriti, zile za seti (makundi ya vitu), mantiki ya kweli na si kweli, na kuhesabu michanganyiko, yaani wanauliza mimi nimekuja kusoma kompyuta, haya maseti na majedwali ya ukweli ya nini, afu wiki ya mwisho wanakariri madesa, mwenye bahati anapita, asiye na bahati anakula sapu. Hata mimi nilikariri. Nikapita, ila sikuelewa kitu.

Nimekuja kuelewa juzi tu naandika kiprogramu cha nauli. Nilitaka mwanafunzi na mzee walipe nusu, wengine kamili. Nikaandika: kama abiria si mwanafunzi AU si mzee, alipe kamili. Najaribu mwanafunzi wa miaka 16, kamili. Mzee wa miaka 70, kamili. Nimehangaika mpaka saa nane usiku nabadilisha vitu visivyohusika, kumbe yule mwanafunzi si mzee, basi sharti limeshatimia, kwisha habari. Ilitakiwa NA. Ndo ile kanuni ya De Morgan niliyoijibu kwenye mtihani nikapewa maksi zote, kwamba ukikanusha "au" inageuka kuwa "na".

Na hapa lugha nayo inatuponza. Mama ntilie akikuuliza chai au uji, unachagua kimoja. Kwenye kompyuta "au" inakubali hata vyote viwili. Mwalimu akilisema hili kwa Kiswahili dakika 5 tu darasa zima linaelewa, lakini sisi tunaandikiwa alama ubaoni na maelezo ya Kiingereza, tunanakili, tunaondoka.

Somo lenyewe tamu sana ukionyeshwa kazi yake. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu, ndo maana ukikosea mara chache unafungiwa, maana mashine ikiachiwa ibahatishe inaimaliza yote fasta. Majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti, ukiwa unakata orodha nusu kwa nusu, jina lolote unalifikia kwa hatua zisizozidi 20. Na mwaka 1937 Claude Shannon, naye akiwa mwanafunzi huko Marekani, alionyesha kwamba aljebra ya Boole, ile hesabu ya kweli na si kweli yenye NA, AU na SI, inaweza kutumika kupanga swichi za umeme, na kompyuta zetu zote zimesimama juu ya wazo hilo.

Kwa hiyo naomba walimu na wanaopanga mitaala, saa moja ubaoni ifuatwe na saa moja maabara, mwanafunzi aandike sharti lake mwenyewe, likosee, alirekebishe palepale mwalimu akiwepo. Najua maabara hazitoshi. Kama kompyuta ziko 15 na sisi tuko 90 tutakaa sita sita, tutabanana.

Mwanafunzi wa IT,
Dar es Salaam