Msimbo Chanzo Umepotea, Programu Imebaki: Nini Kinaweza Kurudishwa?

Wateja wengi wanaotufikia wana programu inayofanya kazi kila siku, ila msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya awali ambayo programu ilitengenezwa kwayo, haupo tena. Aliyeiandika ameondoka, diski ya kompyuta yake imeharibika, au nakala za akiba zilizotunzwa miaka yote zilikuwa za faili zilizokompailiwa, yaani zilizokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya kompyuta, peke yake. Tatizo hujitokeza siku programu inapohitaji kurekebishwa, na hapo mteja hutaka kujua kama msimbo unaweza kutolewa katika faili aliyo nayo. Tunapenda aelewe mapema kwamba kinachorudi ni utendaji wa programu na wala si maandishi yake ya awali, na kwamba tofauti kati ya viwili hivyo, iwe ndogo au kubwa, hutegemea zaidi lugha iliyotumika na namna programu ilivyokompailiwa kuliko ustadi wetu.

Programu za Java na za .NET ndizo zenye matumaini makubwa. Kompaila za lugha hizi hazitoi lugha ya mashine moja kwa moja, bali hutoa msimbo wa kati unaobeba majina ya klasi, ya mbinu na ya sehemu za data, kwa kuwa mfumo unaoiendesha programu unayahitaji. Dikompaila nzuri, yaani zana inayogeuza faili iliyokompailiwa kuwa msimbo tena, hurudisha faili zinazosomeka, na mara nyingi zinazoweza kukompailiwa upya baada ya marekebisho machache. Maoni ambayo mwandishi aliyaweka pembeni ya msimbo hayarudi, kwa sababu kompaila huyaacha nje kabisa. Na majina ya vigeu vya ndani ya mbinu nayo hupotea ikiwa programu ilikompailiwa bila taarifa za utatuzi, zile zinazomsaidia mwandishi kutafuta makosa. Hali hubadilika ikiwa msimbo ulivurugwa makusudi kabla ya kusambazwa, maana majina mengi huwa yamegeuzwa kuwa herufi zisizo na maana.

Kwa C na C++ kazi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo tunapowaomba wateja wawe na subira. Kompaila hutafsiri kila kitu kuwa maagizo ya kichakataji, kisha hupanga upya maagizo hayo ili programu iende kasi. Tuseme mwandishi aliandika mstari unaogawanya kiasi fulani kwa 10. Kwa kuwa kugawanya huchukua muda mrefu kuliko kuzidisha, kompaila inayoshughulikia namba nzima zisizo hasi za biti 32 kwa kawaida huzidisha kiasi hicho kwa 3435973837, kisha husogeza jibu biti 35 kulia. Matokeo ni yaleyale, lakini anayesoma faili haoni 10 popote, wala hajui kama kiasi hicho kilikuwa bei, uzito au idadi ya siku. Zana kama Ghidra, ambayo shirika la usalama la Marekani, NSA, liliitoa kwa umma mwaka 2019, hutambua mifumo mingi ya aina hii na kuirudisha kuwa hesabu ya kawaida. Maana ya hesabu hiyo katika biashara ya mteja, hata hivyo, hurudishwa na mtu anayesoma, anayejaribu na anayeuliza maswali.

Programu za zamani za Visual Basic na Delphi ziko katikati: fomu, vitufe na majina yake kwa kawaida hupatikana ndani ya faili, hivyo tunajua angalau ni kitufe gani kinaita sehemu gani ya msimbo.

Kabla hujatulipa, tafadhali tafuta kwanza. Kila nakala kamili ya hazina ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, hubeba historia yote ya mradi, kwa hiyo kompyuta ya mfanyakazi yeyote aliyewahi kuigusa kazi hiyo inafaa kukaguliwa. Faili za PDB, zinazotunza taarifa za utatuzi, zilizobaki kwenye seva zina majina ambayo sisi tungeyabuni upya, na tovuti iliyochapishwa pamoja na ramani zake za msimbo, yaani faili zinazounganisha msimbo uliochapishwa na ule wa awali, huenda ina JavaScript yote ya awali, pamoja na maoni yake. Usisakinishe mfumo upya na usifute chochote kabla ya kunakili diski nzima.

Tunapokea kazi kwa mteja mwenye haki juu ya programu husika, na tunaomba uthibitisho wa maandishi. Sheria hutofautiana baina ya nchi. Katika Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Haki iliamua Oktoba 2021 kwamba mnunuzi halali anaweza kuidikompaili programu ili kurekebisha makosa yanayoathiri utendaji wake, kwa masharti ya mkataba.

Tukianza, tunakompaili upya kila sehemu tuliyoirudisha, tunaipa data ileile tunayoipa programu ya zamani, na tunalinganisha majibu. Sehemu ambayo majibu yake hayalingani hatuihesabu kuwa imerudi. Pale ambapo mteja anahitaji kanuni moja tu ya hesabu iliyojificha ndani ya mfumo mkubwa, tunamshauri tuitoe hiyo peke yake na mengine yaandikwe upya, kwani kurudisha mfumo mzima wa C++ mara nyingi hugharimu zaidi ya kuujenga.