Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, sitamwingilia. Vikao vilifanyika, ada bado zinadaiwa, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nina jambo moja tu: mtaji tunautoa wapi benki zinapotuzungusha.

Januari mwaka huu Benki Kuu ilianza kutumia riba yake ya sera, ile inayoongoza riba za benki nyingine, kwa asilimia 5.5, na Aprili ikaipandisha hadi asilimia 6. Tuliisikia redioni, tukaona ni habari za wakubwa. Lakini benki ikianza kukaza mkono, mwenye ghorofa hapa Kariakoo si wa kwanza kuhisi. Ni sisi wa fremu, wenye vyumba vidogo vya biashara vya kupanga. Nimewasindikiza wanachama benki mara tatu. Leseni ya biashara wanayo, TIN, namba ya mlipakodi, wanayo, mauzo ya kila siku yanaonekana kwenye Lipa Namba, ile ya kulipwa kwa simu. Kinachokosekana ni hati ya nyumba. Mmoja wao, mwenye leseni ya makazi tu, aliambiwa arudi wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo haijafika mpaka leo.

Mikopo ya halmashauri, ile inayotengewa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iliyositishwa Aprili 2023, imerejea. Haina riba: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Wanaostahili waunde vikundi wasajiliwe mapema. Sisi wanaume tuliokwisha kuota mvi tuwapigie makofi.

Kilichotubeba kweli ni mali kauli. Unachukua mzigo, unauza, unarudisha hela. Ila tusidanganyane kwamba ni bure. Tuseme mzigo wa taslimu ni shilingi 100,000. Kwa mali kauli unaandikiwa 108,000, ulipe baada ya wiki mbili. Hiyo 8,000 ni riba, imevaa kanzu ya bei. Mkopeshaji mwenye leseni, wa daraja la pili (asiyepokea amana) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, amewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 3,500 kwa laki moja. Mwenye duka la jumla hana ukomo wowote, maana yeye hakukukopesha, amekuuzia.

Hata hivyo namtetea. Haulizi hati, anauliza umeletwa na nani. Ndiyo maana lile la mwezi wa Ramadhani liliniuma. Wenzetu wawili walibeba nguo za Idi kwa jina la chama, wakaziuza zote, hela ikaishia kwenye kodi ya fremu, kisha wakazima simu. Mwenye mzigo akanipigia mimi. Sehemu ya deni nimeilipa mfukoni mwangu (naomba hili lisifike nyumbani), lakini wanachama wengine waliokwenda dukani kwake baada ya hapo waliambiwa walete taslimu. Waliolipa madeni yao yote, kwa wakati, wakageuzwa na mikono mitupu kwa kosa la watu wawili.

Wengine wakakimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba ya kukunyonya. Huko sina la kueleza. Mliochukuliwa friji mnalijua kuliko mimi.

Napendekeza hivi. Tukivunja kikoba Desemba, tusigawane chote. Theluthi ibaki, tununue mzigo wa pamoja kwa taslimu, ile 8,000 ibaki kwetu. Mhazini anapinga, na hoja yake ina uzito: hela iliyolala kwenye simu ya mtu mmoja hailali. Kwa hiyo iwe akaunti yenye sahihi tatu, na mzigo upokelewe mbele ya watu wasiopungua watano. Atakayechukua mali kauli kwa jina la chama aandikwe daftarini kwanza, wadhamini wawili watie sahihi, ndipo nitakapompigia mwenye duka.

Kura itapigwa kabla ya chakula, si baada. Fomu za wadhamini ziko kwa katibu.

Na ninyi wawili, taarifa hii najua itawafikia. Washeni simu.