Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Barua za Baba na Ile Laminesheni

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Nimeona kwenye kundi la familia kwamba umempata mnunuzi wa barua za marehemu Baba, zile alizoandikiwa na nyota wa sinema wa Hollywood, na kwa kuwa simu zangu hupokei tangu arobaini, nakuandikia hapa mbele za watu, ili kesho usije ukasema hukuambiwa.

Ulimuuguza Baba mpaka mwisho, na hilo nitalisema popote. Ila mapenzi yaleyale ndiyo yaliyokupeleka stesheneri ya Mnazi Mmoja. Uliingia sebuleni tukiwa bado tunakunja mikeka ya khitma, ukaiinua juu barua ya Stan Laurel, yule mchekeshaji wa sinema, ikiwa ndani ya plastiki, ina joto la mashine bado, na mashangazi wakashangilia. Ukingo wake ulikuwa umepunguzwa ili uenee kwenye plastiki, na mkia wa herufi ya mwisho ya jina lake ulikuwa umekwenda na mkasi. Nikakuuliza bahasha iko wapi. Ukanijibu, tena kwa tabasamu, "Dada, ile si ilikuwa imechakaa? Nimeiacha kwenye pipa la palepale dukani."

Kulala ninalala, lakini jibu lile sijalisamehe.

Bahasha ndiyo iliyokuwa na stempu ya Marekani, muhuri wa posta wenye tarehe, na anwani ya Baba kwa mwandiko uleule wa barua. Unajua Hollywood ya zamani ilivyojaa saini zisizo za wenyewe: studio ziliajiri makatibu wa kusaini picha kwa niaba ya nyota, mihuri ya mpira ikatumika, na picha nyingi za mwigizaji Jean Harlow zilisainiwa na mama yake mzazi. Ndiyo maana mistari michache ya mkono, inayomjibu mtu jambo alilouliza kweli, huthaminiwa kuliko picha kubwa yenye jina peke yake. Laurel uzeeni aliishi Santa Monica, namba yake ya simu ikiwa kwenye kitabu cha simu kama ya mtu yeyote, na aliendelea kuwajibu mashabiki mwenyewe hadi karibu na kifo chake mwaka 1965. Baba alimwandikia kumpa pole ya Oliver Hardy, mchekeshaji mwenzake, aliyefariki mwaka 1957, ingawa miaka ilikuwa imepita. Alikuwa akisema pole haina tarehe. Aliambatanisha na kuponi ya kimataifa ya posta ili mzee wa watu asigharimike kwa stempu ya kujibu. Adabu hiyo yote ilikuwa kwenye ile bahasha.

Na laminesheni haitoki. Plastiki ile hushikishwa kwa gundi na joto, hivyo anayeibandua anaing'oa karatasi pamoja nayo, na mtaalamu hawezi tena kuigusa karatasi yenyewe wala kuikagua vizuri jinsi ilivyounywa wino.

Kwa hiyo zilizobaki kwako usizipige pasi, usizitie selotepu, usizitundike ukutani jua linapofika, na usiziache karibu na dirisha linaloingiza upepo wa bahari, maana unyevu wa Dar unaujua. Zitenganishe kwa karatasi isiyo na asidi. Haya si maringo ya mtu aliyesoma. Baba mwenyewe alinifundisha, akinitaka ninawe mikono na kuikausha kabla ya kufungua sanduku la barua zake, wakati wewe ukicheza mpira nje, na sikulaumu, ulikuwa mtoto. Ndiyo maana usiku ule nililibeba sanduku. Mnasema nimeliiba. Ningeliacha pale, mkalipeleke lote Mnazi Mmoja? Mirathi itagawanywa kwa utaratibu wake na fungu lako hakuna anayelikataa, lakini anayetunza si lazima awe ndiye anayemiliki, na mpaka hapo funguo ninazo mimi.

Huyo mnunuzi wako hajauliza hata mara moja juu ya bahasha wala barua zilikotoka. Jiulize ni mnunuzi gani huyo.

Ile kadi ya mwigizaji Joan Crawford iache ilivyo, hata kama kona zimejikunja. Nitaifuata mwenyewe Jumapili baada ya adhuhuri. Mwambie shemeji yangu asipike, nitakuja na pilau.

Dada yako.