Barua kwa mwanangu kuhusu swichi ya chumba cha mtoto

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponieleza kwamba utaing'oa mwenyewe ile swichi kuukuu ya taa ya barazani, iliyo karibu na kitanda cha mjukuu wangu, na kwamba utangoja saa ambazo umeme hukatika huko Kolwezi ili usihangaike kuzima chochote, sijatulia. Simu ilikatika kabla sijakujibu. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba usome yote kabla ya kushika turnavisi, yaani bisibisi, kisha umsomee mke wako, kwa sababu naye ana kazi yake katika jambo hili.

Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Hapa Katuba unaweza kurudi baada ya dakika kumi au baada ya siku mbili, na hakuna anayetutangazia. Mtu atakayekuwa ameshika waya wakati huo atakuwa ameshika volti 220, na vidole vinaweza kukaza juu ya waya asiweze kuvifungua kwa nguvu zake mwenyewe. Tafadhali usifanye kazi hiyo kwa kutegemea giza la mtaa mzima.

Nilimwita mjomba wako, ambaye amefunga umeme katika nyumba za watu miaka mingi, nikamwuliza mpaka akaomba maji ya kunywa. Jambo la kwanza alilosema lilinishangaza: anataka uifanye kazi hiyo mchana, umeme ukiwepo, kwa sababu ukiwepo ndipo utakapoweza kuona kwamba dijonkteri uliyoizima, yaani kile kikata umeme cha kwenye kisanduku, ndiyo inayolisha ile swichi. Umeme ukiwa haupo, kila waya unaonekana umekufa, na testa, kile kifaa cha kupimia umeme, haiwezi kukuonyesha kama umezima mahali panapotakiwa.

Kwa hiyo anza kwa kuzima dijonkteri kuu, wala usijaribu kubahatisha ile ya chumba kimoja, maana nyumba hiyo ilifungwa umeme na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Kama kwenu bado kuna fiuzi za kuchomoa, zichomoe uziweke mfukoni mwako. Mke wako asimame hapo kwenye kisanduku mpaka utakapomaliza, ili mdogo wako au mgeni yeyote asije akairudisha dijonkteri kwa nia njema ya kuwasha televisheni. Jenereta izimwe pia. Kisha uliza jambo ambalo wenye nyumba wengi hawaliulizi: je, hakuna waya unaotoka kwa jirani? Ulinieleza kwamba chumba hicho kilikuwa duka, na wenye maduka mara nyingi huomba laini ya pili ili wasikae gizani. Kama laini hiyo ipo, dijonkteri yako haina amri juu yake.

Testa nayo ina utaratibu wake. Iguse kwanza mahali unapojua pana umeme, kabla ya kuzima, uone kwamba inafanya kazi. Ukishazima, pima kila waya wa swichi. Halafu ipime tena mahali penye umeme, kwa mfano kwenye plagi ya jirani, ili uwe na hakika kwamba haikuharibika katikati ya kazi. Usiitumie ile turnavisi yenye taa ndogo mpini mwake, ambayo huweza kukosa kuwaka hata waya ukiwa hai. Mjomba wako anakupa ya ncha mbili.

Wala usiseme kwamba swichi imezimwa. Swichi ikizimwa, waya mmoja nyuma yake bado una umeme, kwa sababu swichi hukata tu njia ya kwenda kwenye balbu. Rangi za waya pia zisikudanganye: desturi ni buluu kwa nyutro na kijani chenye manjano kwa ardhi, lakini katika nyumba za zamani fundi alitumia kipande alichokuwa nacho. Ukifungua ukakuta waya tatu badala ya mbili, huenda taa hiyo inawashwa kutoka sehemu mbili. Hapo funga kifuniko, umwite fundi.

Zikiwa mbili, zifungue, na usiziunganishe pamoja. Kila moja iingie katika domino yake peke yake, kile kiungio kidogo cha plastiki chenye skrubu, ikazwe, isionekane shaba hata kidogo. Kisha kuna ile ncha ya pili ambayo nadhani hukuifikiria, kule barazani ambako balbu ilitolewa na waya ukaachwa unaning'inia. Mvua zitakuja. Kilicho bora zaidi ni fundi kuukata waya huo kwenye kisanduku cha maungio, unakoanzia, ili ukutani pasibaki kitu chenye umeme. Hata baada ya hapo, usizibe tundu kwa saruji, kwa kuwa maungio yanapaswa kufikiwa daima. Weka kifuniko kisicho na tundu, cha kukaza kwa skrubu, ambacho vidole vya mtoto havitakifungua. Kitanda chake kihamie ukuta mwingine leo hii, bila kungoja kazi hiyo, maana ulisema kwamba kifuniko cha sasa kimevunjika pembeni.

Najivunia kwamba umenunua nyumba katika umri ambao baba yako na mimi tulikuwa bado tunapanga, na najua mikono yako ni hodari. Meza uliyonitengenezea haijatikisika. Lakini una haraka, na unajua mwenyewe ninakumbuka nini ninapoandika hivyo. Fundi wa kulipwa si aibu. Kama shida ni pesa, niambie, nitachangia, na mke wako asijue kama hutaki ajue.

Nimempa dereva wa basi kifurushi. Ndani yake mna testa, domino sita, kifuniko, na utepe wa kuhami ambao ni wa kuongezea tu juu ya domino, usiutumie peke yake kwa sababu joto huulegeza gundi. Mna pia samaki wakavu na unga wa mihogo kwa ajili ya mke wako. Samaki waanikwe tena kidogo, wamepata unyevu. Testa irudi kwa basi hilohilo, kwa kuwa mjomba wako ana kazi huko Kampemba wiki ijayo.

Nipigie simu kabla ya kuzima dijonkteri, na unipigie tena utakapoirudisha.

Mama yako